Daktari Aliyeficha Chupa Kwenye Soksi

Sogeeni karibu, wanangu, niwahadithie habari za Dk. Bob Smith, daktari mpasuaji wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Huyu si mtu wa ngano. Aliishi kweli, akasoma sana, na pombe ikamtawala miaka mingi.

Chupa alizificha kwenye makaa ya mawe ya kuwashia moto, nyingine juu ya maboriti ya chumba cha chini ya nyumba. Zile ndogondogo alizitumbukiza ndani ya soksi, zikamkaa mguuni ili mkewe, Anne, asizione. Asubuhi mikono inamtetemeka, naye ni mtu wa kushika kisu cha upasuaji!

Anayehangaika hivyo kuficha anajua fika kwamba mambo hayako sawa. Anajua, ila hajakubali, na hapo ndipo watu wengi wanapopotezea miaka yao.

Mei 1935 akafika Akron mfanyabiashara kutoka New York, Bill Wilson. Biashara iliyomleta imemharibikia, amesimama kwenye ukumbi wa hoteli, masikioni vicheko vya baa. Pombe alikuwa ameiacha Desemba 1934, na alijua akiingia mle amekwisha. Akaenda kwenye simu, akaanza kupigia makanisa, akiomba akutanishwe na mlevi mwenzake wapate kuzungumza. Ndivyo alivyompata daktari.

Smith alikubali kukaa dakika 15 tu. Walianza jioni, wakaachana saa 5 usiku imeshapita. Bill hakumhubiria. Alieleza yake: alivyodanganya, alivyoapa kuacha akashindwa. Mahubiri daktari alishayasikia mpaka yakamchosha. Safari hii alisikia maisha yake mwenyewe kinywani mwa mgeni.

Pengine nyumbani kwenu yuko baba, mama au mjomba anayekunywa kwa kujificha, anayefoka akiulizwa, asiyeweza kuianza siku bila kuzimua. Si kosa lako hata kidogo. Huo ni ugonjwa, na wewe kumwaga pombe yake hakumponyi. Mweleze mtu mzima unayemwamini. Tena aliyezoea pombe kupita kiasi asiikatishe ghafla bila daktari, maana mwili unaweza kumgeuka vibaya sana.

Smith naye hakupona usiku ule. Alisafiri kwenda mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akalewa chakari. Tarehe 10 Juni alikuwa na upasuaji, na Bill akampa bia ya kutuliza mikono. Ikawa ya mwisho maishani mwake. Chama cha Alcoholics Anonymous, walichokianzisha wawili hao ili walevi wasaidiane kuacha pombe, na ambacho leo kina vikundi hadi Nairobi, huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake.

Upasuaji ukaisha, daktari harudi. Nyumbani wakashikwa na hofu: kaanza tena? Kumbe alikuwa anazunguka mjini kwa wote aliowakosea, akiwaambia kwa kinywa chake kile alichokificha miaka yote.