Uteuzi wa Njia ya Kisu katika Kumalizia Kona Zilizoviringwa kwa Mashine ya CNC: Mfano wa Mkono wa Beringi wa Mashine ya Kukobolea Kahawa

Katika kata ya Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, kama ilivyo katika wilaya ya Karagwe ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, kahawa ya robusta ni zao kuu la biashara. Tunda hukaushwa pamoja na ganda lake, kisha hukobolewa kwa mashine. Shafti ya mashine hiyo huzunguka ndani ya beringi, na beringi hushikiliwa na mkono wa chuma uliosimama juu ya kitako. Mkono ukivunjika wakati wa msimu, mashine husimama na kahawa ya wakulima husubiri.

Ufa wa mkono wa namna hii kwa kawaida huanzia kwenye kona ya ndani, pale ukuta unapokutana na kitako, kwa kuwa hapo ndipo mkazo hujikusanya. Kwa sababu hiyo kona huviringwa badala ya kuachwa ikiwa kali. Hata hivyo, kuviringa peke yake hakutoshi. Mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC, huacha juu ya uso matuta madogo yanayofuata njia ya kisu, na mwelekeo wa matuta hayo unaweza kuusaidia au kuudhuru mkono.

Ichukuliwe kona yenye nusu kipenyo cha milimita 8 na urefu wa milimita 200, inayomaliziwa kwa kisu chenye ncha ya nusu tufe na kipenyo cha milimita 6. Kisu cha milimita 16 kingelingana na kona yenyewe, lakini kingegusa tao lote kwa wakati mmoja, jambo linaloleta mtetemo na kuharibu uso. Kisu kidogo kuliko kona ni salama zaidi, ingawa hudai mikato mingi.

Kimo cha tuta juu ya uso bapa hukadiriwa kwa kuzidisha nafasi kati ya mkato na mkato kwa nafasi hiyo hiyo, kisha kugawa kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kisu. Nafasi ikiwa milimita 0.3, tuta huwa na kimo cha takribani milimita 0.0038. Kisu kikipita kwa urefu wa kona, tuta hupungua hadi milimita 0.0023, kwa kuwa uso uliobonyea hukikumbatia kisu. Kisu kikikatiza kona, kutoka kitako kwenda ukutani, faida hiyo haipo.

Tao la kona lina urefu wa milimita 12.6 hivi. Kwa kupita urefu wa kona, mikato 42 inatosha. Kwa kuikatiza, huhitajika mikato ipatayo 667. Jumla ya mwendo, ikipimwa juu ya uso, katika njia zote mbili ni takribani mita 8.4, ambayo kwa kasi ya milimita 1,000 kwa dakika ni dakika zisizofika tisa. Usawa huo ni wa karatasini tu. Katika mikato mifupi ya kukatiza, mashine huanza kupunguza mwendo kabla haijafikia kasi iliyoagizwa, na mashine kuukuu huchelewa zaidi.

Kosa linalogharimu zaidi hutokana na jinsi nafasi inavyopimwa. Programu nyingi hutoa njia ya ngazi, ambapo kisu hushuka kimo kilekile baada ya kila mkato. Karibu na ukuta njia hiyo hufaa sana. Karibu na kitako, mshuko wa milimita 0.3 huacha milimita 2.8 za uso bila kuguswa, na tuta hufikia takribani milimita 0.20, zaidi ya mara themanini ya lile lililokusudiwa. Nafasi ikipimwa kwa ulalo, kasoro hiyo hiyo huhamia upande wa ukuta. Kwa hiyo nafasi inapaswa kupimwa juu ya uso wenyewe. Pasipo programu yenye uwezo huo, fundi anaweza kuandika mzunguko mfupi wa amri unaosogeza kisu kwa nyuzi 2.15 kila mara, huku kitovu cha ncha kikifuata tao la milimita 5.

Linabaki suala la mwelekeo. Mvutano wa mkanda huupinda mkono, na mkazo hupita kutoka ukutani hadi kwenye kitako, yaani kwa kuikatiza kona. Matuta yaliyolala kwa urefu wa kona huukinga mkazo huo kama mikwaruzo, na uchovu wa chuma huanzia kwenye mikwaruzo ya namna hiyo. Matuta yanayokatiza kona huelekea kule mkazo unakoelekea, hivyo madhara yake ni madogo. Kwa sehemu inayobeba mzigo unaorudiarudia, njia ya kukatiza inastahili muda wake wa ziada. Pale muda usipopatikana, kona ichongwe kwa urefu, kisha ipigwe msasa kwa kuikatiza hadi alama za kisu zitoweke. Kwa kifuniko kisichobeba mzigo, mjadala huu wote ni anasa. Njia ya urefu inatosha.

Katika kukatiza, ni vema kisu kikate kikipanda kutoka kitako. Kitovu cha ncha hakina kasi ya kukata. Kisu kinaposhuka, kitovu hicho husukumwa ndani ya chuma na kukisugua badala ya kukikata. Ukanda wa kitako unaopakana na kona usafishwe kwanza kwa kisu chenye ncha bapa, ili ncha ya nusu tufe iachiwe tao peke yake.