Nyumba ya Kupangisha Shamba: Uliza Kabla ya Kulipa

Mfanyakazi anapokaribia kustaafu hutembelewa na washauri wengi kuliko siku alipooa. Mmoja atamwambia anunue gari la abiria, wa pili atamtajia ng'ombe wa maziwa, na wa tatu, ambaye aghalabu ni dalali, atamweleza habari ya nyumba iliyoko shamba, karibu na bahari, itakayompatia kodi kila mwezi naye amekaa barazani kwake mjini akinywa kahawa. Shauri la tatu ndilo tamu kuliko yote, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo, ndugu msomaji.

Nawajua mume na mke, wakaazi wa Michenzani, waliopata shauri hilo. Mume alifanya kazi bandarini na mke ni mwalimu. Kiinua mgongo kilipotoka, mume alichukuliwa hadi Jambiani, pwani ya mashariki, akaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne yenye minazi uani. Muuzaji alikuwa kijana mpole mwenye karatasi mkononi. Siku ile ile mume akatoa arbuni. Jioni aliporudi, mkewe alimwuliza swali moja tu: "Nyumba ilikuwa ya nani kabla ya kijana huyo?"

Mume hakuwa na jibu. Ijumaa yake mke alipanda daladala mwenyewe, akaenda kwa sheha wa pale na kwa majirani wawili. Alirudi na habari kwamba nyumba ni ya marehemu aliyeacha mjane, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Dada mmoja yuko Maskati, kaka mwingine yuko Dar es Salaam, na mama mzazi angali hai, amekaa nyumba ya pili.

Hebu tufanye hesabu ya mirathi kama kadhi angeifanya. Mjane ana thumni, yaani fungu 1 katika 8. Mafungu 7 yaliyobaki hugawiwa watoto, mwanamume akapata mara mbili ya mwanamke: wanaume wawili wana mafungu 4 na wanawake watatu wana mafungu 3. Kwa hiyo kijana mpole alikuwa na mafungu 2 tu katika 8. Alikuwa anauza robo yake pamoja na robo tatu za watu wengine. Karatasi aliyoishika ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na jina la baba yake.

Basi jambo la kwanza ni kumtafuta mwenye mali, na usiridhike na jina lililo katika karatasi. Kama mwenyewe amefariki, taka kuona hati ya mirathi kutoka mahkama ya kadhi, na warithi wote waweke saini. Aliye ng'ambo na alete hati ya uwakala iliyothibitishwa. Neno la simu kwamba "dada amekubali" halitoshi, hata akilisema mtu wa msikitini. Ikiwa muuzaji ana mke, mwulize mkewe pia, maana wako wake wengi waliojenga nyumba kwa fedha za mwani na za ususi huku jina lililoandikwa ni la mume.

La pili ni ardhi yenyewe, na hapa Unguja ina historia yake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya umma, na wananchi wengi wakagaiwa eka tatu tatu walime. Waliopewa walipewa watumie. Hawakupewa ruhusa ya kuuza. Hata hivyo mji ulipopanuka kuelekea mashamba, eka nyingi zilikatwa viwanja na kuuzwa kwa karatasi za mkono, na juu yake zimesimama nyumba za matofali. Ukiuziwa nyumba ya namna hiyo, huenda umenunua matofali peke yake.

Sheria ya ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992 imeendelea kuiweka ardhi chini ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Haki hiyo hupewa Mzanzibari. Asiye Mzanzibari hupita njia ya ukodishaji. Neno hili namwambia khasa msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anayedhani kuwa kitambulisho cha Mtanzania kinatosha kumpatia kiwanja Nungwi. Wako waliowaandikisha rafiki zao Wazanzibari badala ya nafsi zao, na urafiki ulipokwisha nyumba nayo ilikwisha. Ardhi ikihama mkono, uhamisho wapaswa kupelekwa mbele ya Bodi ya Uhaulishaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mauziano yaliyofanyika mezani kwa dalali na kuishia hapo ni mapatano ya midomo, ijapokuwa yamepigwa chapa.

Usisahau wakfu. Mjini Mkongwe na hata mashamba yako majumba na viwanja vilivyowekwa wakfu na wazee kwa ajili ya misikiti, mayatima au vizazi vyao. Mali ya wakfu haiuzwi, na anayekaa ndani yake miaka 30 akilipa kodi haigeuki kuwa yake. Ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana ipo. Kwenda kuuliza ni nauli ya daladala.

Na ile minazi ya uani? Katika desturi za visiwa hivi mti waweza kuwa na mwenyewe mbali na mwenye ardhi. Mke wa rafiki yangu aliambiwa na jirani kuwa minazi mitatu katika ile mitano ni ya ami wa marehemu, naye hupeleka mtu kuiangua. Mpangaji wako ataamka asubuhi akute mgeni juu ya mnazi, na mgeni huyo atakuwa na haki yake!

Tukija kwenye jengo, nenda ukalione masika, mwezi wa Aprili, wala si wakati wa kaskazi ambapo kila kitu kimekauka na kupendeza. Tazama njia ya maji ya mvua, gusa kuta kwa chini. Nyumba za kale za mawe na chokaa zina tabia yake: ukuta hupumua. Mtu akiupaka saruji ili upendeze machoni pa mnunuzi, unyevu hufungiwa ndani, na boriti huoza kichwani, pale zinapoingia ukutani, bila ya mtu kuona. Sote twakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka katikati ya kazi ya matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Na aliyenunua nyumba ndani ya Mji Mkongwe ajue pia kuwa hawezi kubadili hata dirisha bila ya kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Maji yaonje. Nasema yaonje kwa ulimi, kwani visima vya pwani vina chumvi, na mpangaji anayenunua maji ya madumu kila siku hakai. Umeme nao uulizie. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 giza likaendelea kwa miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari wa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini waya wa bahari na waya wa kutoka barabarani hadi nyumbani kwako ni vitu viwili.

Kisha kodi. Dalali husema, nyumba ya shilingi milioni 60 ikipangishwa kwa 300,000 kwa mwezi, mwaka ni 3,600,000, na fedha zako zinarudi kwa miaka 16 na miezi 8. Tuichukue hesabu yake kwa mfano, tuitie mambo ya dunia. Nyumba ikae tupu miezi mitatu: zimebaki 2,700,000. Mlinzi apate 50,000 kila mwezi, hata nyumba ikiwa tupu: toa 600,000. Matengenezo, maana chumvi ya bahari hula bati na misumari, toa 500,000. Mkononi una 1,600,000, na miaka imekuwa 37 na nusu. Mstaafu wa miaka 60 ajihesabie mwenyewe. Wanaotegemea watalii wanahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii, na wanaweza kukumbuka mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege, jinsi nyumba za Paje zilivyofungwa na wenye mikopo wakabaki na mikopo yao.

Sisemi mtu asinunue. Nawajua waliojenga Fuoni na Tunguu kidogo kidogo, karatasi zao zikawa safi, na kodi ikasomesha watoto. Hao walikuwa na kitu kimoja: hawakuwa na haraka, na nyumba waliweza kuifikia kwa daladala moja wakati paa linapovuja.

Wale wa Michenzani hawakuinunua nyumba ya Jambiani. Fedha zao zimesalimika, isipokuwa arbuni. Kijana mpole hakatai deni. Kila akiulizwa husema atalilipa msimu wa karafuu utakapofika, kwani anatarajia fungu lake katika shamba la marehemu baba yake huko Pemba.