Tundu la Chuma Linapopata Joto: Somo Kutoka kwa Fundi wa Mashine ya Kusaga

Mwalimu anayepangiwa shule ya kijijini katika wilaya za Kibondo na Kasulu huenda asikute kabatini lile tufe la metali na pete yake, ambavyo vitabu vya Sayansi hutumia kuonyesha kwamba metali hutanuka zipatapo joto. Chombo hicho huhusishwa na Willem 's Gravesande, mwanasayansi wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1742. Kukosekana kwake kusimfanye mwalimu aandike sentensi moja ubaoni na kuwataka watoto wainakili. Palipo na mashine ya kusaga pana fundi, na fundi huyo huitumia kanuni hiyo kila aingizapo beringi katika shafti bila mashine ya kushindilia. Makala haya yanaeleza kazi hiyo, na namna ya kuigeuza kuwa somo.

Kubana ni nini?

Tuanze na lijulikanalo. Mtoto wa Kigoma ameona jembe likitiwa mpini: halishikwi kwa gundi wala msumari, bali kwa kuwa tundu ni dogo kidogo kuliko kile kinachoingia. Ndivyo ilivyo kwa beringi. Shafti yenye kipenyo cha milimita 40 yaweza kuzidi tundu la beringi kwa milimita 0.02 tu, nayo ikabana barabara. Tofauti ni kwamba mti hukubali kubonyea, lakini chuma kigumu hakikubali. Kwa hiyo anayetegemea nyundo peke yake huharibu.

Beringi ina pete ya ndani, pete ya nje, na gololi katikati. Iwapo pete ya ndani ndiyo inayobana shafti, na fundi akagonga pete ya nje, nguvu yote hupita katika gololi na kuzitia njia zake mashimo madogo. Mashimo hayo hayaonekani kwa macho. Mashine itawaka na kusaga, kisha itaanza kunguruma, na hatimaye kusimama. Hapo kina mama watajitwisha mahindi na muhogo wao hadi kijiji cha pili. Kanuni ya fundi ni hii: sukuma pete ile inayobana, wala usisukume nyingine.

Swali lililo moyo wa somo

Kabla ya kupasha chochote, waulize wanafunzi: pete ya chuma ikipata joto, tundu lake litaongezeka au litapungua? Wape nafasi ya kubishana. Wengi watasema litapungua, kwa kuwa chuma "kitavimba kwa ndani". Usiwasahihishe upesi. Chukua kipande cha waya, ukikunje kiwe duara, kisha ukinyooshe. Waulize: waya huu ukipata joto utarefuka au utafupika? Watajibu kwamba utarefuka. Sasa ukunje tena uliorefuka: duara lake litakuwa kubwa zaidi, na tundu vilevile. Mtoto aliyefika hapo kwa akili yake mwenyewe hatasahau.

Vifaa

Mwombe fundi beringi iliyokwisha tupwa pamoja na kipande cha shafti yake ya zamani. Usifanyie majaribio beringi ya mashine inayotegemewa na wananchi. Chagua beringi iliyo wazi. Yenye vifuniko vya mpira na grisi ndani isipashwe kwa njia hii. Tafuta pia sufuria ya maji, kopo, oili safi, waya, kitambaa kizito kikavu na jiko.

Hatua za kazi

1. Safisha shafti, ondoa vikwaruzo kwa msasa laini, kisha uipake oili kidogo.

2. Jaribu kuingiza beringi ikiwa baridi. Wanafunzi waone inavyokataa.

3. Ining'inize beringi kwa waya ndani ya kopo la oili, isiguse chini. Weka kopo katika sufuria ya maji, maji yasiingie katika oili. Chemsha kwa nusu saa. Kopo lisiwekwe motoni moja kwa moja, kwani oili yaweza kuwaka, na joto kali huharibu ugumu wa chuma. Maji hutulinda: katika nyanda hizi, kwenye mwinuko wa mita 1,200, huchemka karibu na nyuzi 96 za Sentigredi, wala hayapandi zaidi.

4. Itoe beringi kwa kitambaa, uielekeze sawasawa, uisukume mara moja hadi mwisho. Ishikilie hapo mpaka ianze kubana.

5. Ikikwama njiani, usiipige ovyo. Tumia kipande cha bomba ambacho mdomo wake unagusa pete ya ndani tu, ugonge polepole.

Mwalimu ndiye ashike vitu vya moto. Wanafunzi wasimame umbali wa mita 2, na jiko liwe nje.

Hesabu inayofuata

Kila milimita ya chuma hutanuka kwa takriban milimita 0.000012 kwa kila nyuzi moja. Ikiwa beringi imetoka nyuzi 22 hadi 96, ongezeko ni nyuzi 74. Zidisha: 40 × 74 × 0.000012. Jibu ni karibu milimita 0.035, pungufu ya unene wa unywele, lakini linazidi ile 0.02 iliyokuwa ikizuia. Hapo somo la Hesabu na la Sayansi hukutana.

Kupima uelewa

Usiulize "metali hufanya nini zikipata joto?" Swali hilo hupima kumbukumbu. Uliza: Je, tukipasha beringi na shafti pamoja, kazi itakuwa rahisi? Kwa nini fundi wa pikipiki hupasha pistoni ya aluminiamu ili pini ya chuma iingie, ilhali zote mbili ni metali? Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Mwanafunzi apewe habari hiyo, kisha aachwe afikiri.

Mwalimu mwanafunzi, kabla ya kwenda mazoezini, mtembelee fundi umwombe akuonyeshe kazi hii, nawe umweleze sababu yake kama uijuavyo. Ukiweza, mwalike shuleni. Watoto wataona kwamba elimu ya kitabuni na ile ya karakana ni moja, na kwamba anayejua sababu hahitaji nyundo kubwa.