Kasha la kidhibiti cha redio ya ridhaa

Kasha la kidhibiti cha redio ya ridhaa ni sanduku ambalo mwanaredio hulitengeneza mwenyewe ili kufunika saketi ya kidhibiti alichokiunda nyumbani. Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu wenye leseni kwa kujifunza na kujaribu ufundi, bila faida ya kibiashara. Vidhibiti vinavyohusika ni kama kile cha kuzungusha antena, cha kutuma alama za Morse zilizowekwa katika kumbukumbu, au cha kuendesha kituo cha kurudia mawimbi (repita). Vingi vya siku hizi vimejengwa juu ya bodi ndogo kama Arduino.

Kasha huzuia vumbi, unyevu na vidole. Kwa kidhibiti kilicho karibu na transmita, hata hivyo, kasha pia ni sehemu ya saketi yenyewe.

Kazi ya kasha

Kidhibiti kilichofanya kazi vizuri juu ya meza mara nyingi huanza kukosea pale transmita inapowashwa. Transmita ya kawaida ya wanaredio hutoa wati 100, na waya wowote ulio jirani huyapokea mawimbi hayo kama antena. Mikrokontrola husoma volti hizo ngeni kana kwamba mtu amebonyeza kitufe. Matokeo yake skrini hujaa herufi zisizosomeka, kifaa cha Morse hutuma nukta ambazo hakuna aliyeziomba, au antena huanza kuzunguka yenyewe. Hilo la mwisho si la kuchekesha: antena kubwa inayozunguka bila kusimama huweza kusokota kebo yake hadi ikatike, au kuharibu mota iliyo juu ya mlingoti.

Kuna pia usumbufu wa upande wa pili. Arduino Uno huendeshwa kwa saa ya MHz 16, na saa hiyo hutoa pia mawimbi dhaifu katika vizidisho vyake. Kizidisho cha tisa huangukia karibu na MHz 144, mwanzoni mwa bendi ya mita 2 inayotumiwa na wanaredio. Bodi iliyo wazi huweza kusikika katika kipokezi cha mwenyewe kama mluzi usiokwisha.

Nyenzo

Metali ndiyo nyenzo ya kawaida. Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichofunikwa kwa metali hakiingiwi na umeme ulio nje yake. Metali haihitaji kuwa nene, kwa sababu mkondo wa masafa ya juu hupita kwenye tabaka la juu tu. Katika alumini, kwa MHz 14, tabaka hilo lina unene wa karibu milimita 0.02. Kwa hiyo bati la kawaida lililokunjwa na fundi bati, au hata kopo la biskuti, hukinga mawimbi hayo vya kutosha. Wengine hukata vipande vya bodi ya saketi yenye tabaka la shaba na kuviunga kwa kulehemu hadi viwe sanduku.

Plastiki ni rahisi kukata na haipitishi umeme, lakini haizuii mawimbi hata kidogo. Anayeitumia hubandika karatasi ya shaba ndani yake. Makasha yaliyochapwa kwa printa ya 3D kwa plastiki ya PLA yana udhaifu mwingine: PLA hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na ndani ya gari lililoegeshwa juani kasha hupinda.

Metali nayo haifai kila mahali. Kidhibiti kinachotumia Wi-Fi hakisikii kitu ndani ya sanduku la metali, hivyo antena yake hutolewa nje. Kihisi cha dira hakiwekwi ndani ya sanduku la chuma, kwani chuma hupotosha usumaku wa dunia.

Matundu na maungio

Mawimbi hayapenyi ukuta. Hupita kwenye nafasi zilizoachwa wazi, na kinachohesabika ni urefu wa nafasi kuliko upana wake. Ufa mwembamba kama wembe lakini wenye urefu wa sentimita 20 hupitisha mawimbi mengi kuliko tundu dogo la mviringo. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nafasi isizidi sehemu ya 1/20 ya urefu wa wimbi. Kwa bendi ya mita 2 hiyo ni sentimita 10. Kwa bendi ya sentimita 70 ni sentimita 3.5 tu. Dirisha la skrini ya kawaida ya mistari miwili huwa na urefu wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo katika bendi hiyo ya pili huwekewa wavu wa shaba nyuma yake, unaogusa metali pande zote.

Kosa linalowapata wengi ni rangi. Rangi haipitishi umeme, wala tabaka gumu linalowekwa kiwandani juu ya alumini. Kifuniko kilichopakwa rangi na kufungwa kwa skrubu nne za pembeni kinaonekana kimefungwa, lakini kwa mawimbi ya masafa ya juu kimezungukwa na nyufa nne ndefu. Kingo zinazogusana hukwanguliwa kwa msasa, skrubu huongezwa, na washa zenye meno huwekwa ili zing'ate metali.

Matundu hutobolewa kabla ya bodi kuingizwa, maana chembe za metali zikibaki ndani husababisha shoti. Mchoro wa vipimo halisi hubandikwa juu ya bati, alama hupigwa kwa nyundo, kisha hutobolewa kwa kekee ndogo kwanza. Tundu la mstatili hupatikana kwa kutoboa matundu mengi yanayofuatana, kukata katikati yake na kusawazisha kwa tupa.

Nyaya zinazoingia

Sanduku zuri huharibiwa na waya mmoja unaopita tunduni bila kinga. Kebo ya kuzungushia antena huweza kuwa na urefu wa mita 30, na hubeba mawimbi moja kwa moja hadi kwenye bodi. Kila waya wa amri huwekewa kapasita ya nanofaradi 10 hivi kutoka kwake hadi ukutani mwa kasha, pale pale unapoingia, miguu ya kapasita ikiwa mifupi iwezekanavyo. Nyaya za USB hazifanyiwi hivyo kwa sababu kapasita ingezima data. Hizo hufungwa pete ya feriti.

Ngao ya kebo huungwa na ukuta wa kasha, si na bodi. Ikiungwa na bodi, mkondo wa mawimbi hupita ndani ya saketi kabla ya kutoka. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza kosa hili mwaka 1995, na bado linapatikana katika vifaa vingi, vikiwemo vya dukani.

Umeme na joto

Umeme wa volti 230 ukiingia ndani, kasha la metali lazima liungwe na waya wa ardhi kwa bolti yake yenyewe, fyuzi iwepo, na tundu la kebo liwe na mpira wa kuzuia kukatika. Wajenzi wengi huepuka hatari hii kwa kutumia volti 13.8 za usambazaji wa redio. Hata hapo joto hubaki: kirekebishi cha 7805 kikishusha volti hizo hadi 5 kwa mkondo wa ampea 0.3, hutoa wati 2.6 za joto. Kikifungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa alumini, kasha lenyewe hukipoza.

Majaribio hufanywa kifuniko kikiwa kimefungwa na kebo zote zikiwa mahali pake, kwa nguvu ndogo kwanza, kisha kwa nguvu kamili katika kila bendi, kwani kidhibiti kinachotulia kwenye MHz 7 huweza kuchanganyikiwa kwenye MHz 28.