Kinaya kama Mwangwi: Kutoka Baraza la Majengo hadi Riwaya ya Distopia

Katika uchambuzi wa fasihi ya Kiswahili kinaya huelezwa kwa kawaida kuwa ni kusema kinyume cha maana iliyokusudiwa. Maelezo hayo ni mepesi kufundisha, lakini upungufu wake huonekana mara yanapopelekwa barazani. Na uchukuliwe mfano wa Majengo, mtaa wa kisiwani Mombasa ulio nje ya Mji wa Kale. Mtu aliyeahidi kufika baada ya sala ya alasiri anatokea isha imekwisha. Mwenyeji wake anamwambia, "Leo umewahi, sheikh." Kinyume cha sentensi hiyo ni "umechelewa", jambo ambalo kila aliyeketi hapo analijua. Lau hilo tu ndilo lililokusudiwa, hapangekuwa na haja ya kulisema.

H. P. Grice, katika makala yake ya 1975 juu ya mantiki na mazungumzo, aliishika njia hiyo ya kinyume: msemaji huivunja waziwazi kanuni ya kusema kweli, na msikilizaji hulazimika kutafuta maana iliyo kinyume na ile iliyotamkwa. Dan Sperber na Deirdre Wilson waliipinga mwaka 1981. Kwa maoni yao msemaji wa kinaya haitumii sentensi yake, bali huitaja tu. Huirudisha kauli au fikra ya mwingine kama mwangwi, huku akionyesha kwamba haikubali. Mwenyeji wa Majengo anairudisha ile ahadi ya alasiri. Ndiyo maana kijembe chake kinachoma: mgeni anaisikia ahadi yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Nadharia ya mwangwi ndiyo inayofaa zaidi kwa riwaya za distopia, yaani zile zinazosawiri jamii iliyoharibiwa na watawala wake kwa jina la wema. Humo mtawala mwenyewe hanuii kinaya hata kidogo. Hunena kwa uzito wote. Kinaya ni cha mwandishi anayemrudia, na msomaji asiyeitambua sauti inayorudiwa hubaki na hadithi tu.

Jambo hili hudhihirika katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyotolewa Nairobi mwaka 1967. Orwell, mwaka 1945, aliirudisha lugha ya Urusi ya Stalin. Amri ya usawa inapotiwa daraja, sarufi yenyewe hulalamika, kwani usawa haukubali zaidi wala pungufu, na msomaji huisikia kauli ya chama ikijifichua. Lakini chama kipi? Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka huohuo wa 1967, na katika Tanzania maneno "usawa" na "ndugu" yalikuwa na msemaji wake. Msomaji wa Majengo wa miaka ya 1980 aliishi chini ya wito wa Nyayo, wa amani, upendo na umoja. Sentensi ni zilezile. Mwangwi ni mwingine. Nadharia ya kinyume haina la kusema hapa, kwa kuwa kinyume cha sentensi hakibadiliki anapobadilika msomaji.

Katama Mkangi, mtu wa pwani na mhadhiri wa sosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 bila ya kushtakiwa, alikwenda mbali zaidi. Jina la riwaya yake Walenisi (1995) ni sentensi nzima iliyoshonwa pamoja: wale ni sisi. Kionyeshi "wale" humtenga mtajwa, "sisi" humrudisha. Dzombo, aliyehukumiwa kufa kwa kurushwa angani, anafika kwenye ulimwengu wa haki. Mwangwi huanza pale msomaji anapokumbuka kwamba ahadi za haki alikwisha kuzisikia kwao, jukwaani.

Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, aliuliza waziwazi mwaka 1968 katika waraka wa Kenya: Twendapi?, akafungwa miaka mitatu. Kauli ya wazi ina mwenyewe mmoja. Kauli ya mwangwi ina wenyewe wawili, na anayetaka kumshtaki msemaji sharti kwanza akiri kwamba sauti aliyoisikia ni yake. Sperber na Wilson walishughulikia namna kinaya kinavyofahamika. Aliyefahamu akajifanya hakufahamu hakuwa shabaha yao. Naye yupo. Mgeni wa Majengo anaweza kujibu "Ahsante", akavua viatu, akaketi.