Rimu mpya zinapogusa breki: Pima kwanza, spesa baadaye

KIJANA mmoja wa mtaani kwetu jijini Nairobi alitumia akiba ya miezi mingi kulinunulia gari lake, Subaru Impreza, seti ya rimu za aloi za mtumba. Muuzaji alimhakikishia kuwa zingeingia bila taabu, maadamu zilikuwa za inchi 17 sawa na zile za awali na zina matundu matano. Fundi alipofunga gurudumu la kwanza la mbele na kujaribu kulizungusha kwa mkono, lilikataa. Mikono ya rimu ilikuwa imelalia kalipa ya breki.

Fundi hakubabaika. Alitoa kisahani cha aluminiamu chenye unene wa milimita 5, akakichomeka kati ya habu na rimu, akakaza nati, na gurudumu likazunguka. Kijana akalipa na kwenda zake akiwa na furaha tele. Siku chache baadaye usukani ulianza kutetemeka barabarani. Alipoegesha gari na kukagua, alikuta nati mbili zimelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole.

Gurudumu halikung'oka, na hiyo ilikuwa bahati yake. Hata hivyo, kisa chake kinastahili kuchambuliwa, kwa kuwa kile kisahani, ambacho mafundi hukiita spesa, huuzwa na kufungwa kila uchao bila maelezo yoyote. Si kifaa kiovu. Kikitumiwa ipasavyo hutatua tatizo la kweli. Lakini kila milimita ambayo spesa huipa breki nafasi, huinyang'anya bolti inayolishikilia gurudumu.

Kwa nini rimu iguse breki

Inchi 17 ni kipimo cha kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Hakimwambii mnunuzi lolote kuhusu umbo la mikono ya rimu wala nafasi iliyoachwa nyuma yake. Rimu mbili za kipenyo kimoja zaweza kutofautiana sana. Moja ina mikono iliyobinuka kwenda nje na kuipisha kalipa, ilhali nyingine ina mikono iliyonyooka na kuigusa.

Tatizo hili huzidi kwa magari yenye breki kubwa. Impreza za aina ya STI, kwa mfano, nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na kalipa za Brembo zenye pistoni nne mbele. Kalipa hizo ni nene, na hujitokeza nje ya diski kuliko kalipa ya kawaida yenye pistoni moja. Ndiyo maana rimu inayoingia vizuri kwenye Impreza ya kawaida yaweza kukwama kwenye STI. Vivyo hivyo, mwenye gari anayebadilisha breki ndogo kwa kubwa hugundua kwamba rimu zake za zamani hazifai tena.

Kipimo muhimu zaidi ni kile kinachoitwa ofseti. Huu ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokutana na habu. Aghalabu hupigwa chapa nyuma ya mkono wa rimu, baada ya herufi ET au alama ya kujumlisha. Ofseti ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya gari. Ikipungua, hutoka nje. Spesa ya milimita 5 huipunguza ofseti kwa 5.

Tuchukue mfano. Rimu ya kiwandani ina upana wa inchi 7.5 na ofseti ya 53. Rimu mpya ina upana wa inchi 8 na ofseti ya 48. Nusu inchi iliyoongezeka ni milimita 12.7, na hugawanyika sawa pande zote mbili, yaani milimita 6.35 kila upande. Ofseti nayo imelisogeza gurudumu nje kwa milimita 5. Kwa hivyo ukingo wa nje utatokeza milimita 11.35 zaidi ya awali. Ukiongeza spesa ya milimita 5, utatokeza milimita 16.35. Kabla ya kununua, mwenye gari ajiulize iwapo madigadi yake yana nafasi hiyo, hasa gari likibeba abiria watano na kupita kwenye matuta.

Inagusa wapi?

Kuna sehemu mbili ambapo rimu huweza kugusa kalipa, na si zote hutibiwa kwa spesa. Ya kwanza ni nyuma ya mikono ya rimu. Hapa spesa husaidia, kwa kuwa huisukuma mikono mbali na kalipa. Ya pili ni mzingo wa ndani wa rimu, ule unaoizunguka kalipa kwa juu. Hapa spesa kwa kawaida haisaidii kitu. Rimu ikiwa ndogo mno kwa breki, dawa yake ni rimu kubwa zaidi au yenye umbo tofauti.

Ajabu ni kwamba baadhi ya mafundi, wakishindwa na spesa, huchukua mashine ya kusaga na kuichonga kalipa au mikono ya rimu. Usikubali. Kalipa hustahimili shinikizo kubwa la mafuta ya breki kila unapokanyaga pedali, na rimu hubeba uzito wa gari zima kwenye mashimo ya barabara zetu. Kilichosagwa hakirudi.

Njia bora ni kuijaribu rimu ikiwa tupu, kabla ya kuvalishwa tairi, kwani muuzaji wa rimu za mtumba huwa radhi zaidi kuipokea ikiwa haijatumika. Piga jeki gari likiwa mahali tambarare, lisimamishe juu ya stendi imara, kisha safisha uso wa habu kwa brashi ya waya. Bandika vipande vidogo vya plastisini, ule udongo laini wa watoto wa kufinyangia, kwenye sehemu za kalipa zilizojitokeza. Funga rimu kwa nati kadhaa, izungushe polepole, kisha ifungue na kupima unene wa plastisini uliobaki. Wengi huhesabu milimita 3 kuwa kiwango cha chini cha nafasi salama.

Mambo mawili husahaulika hapa. Mosi, vipande vya risasi vya kusawazishia gurudumu hubandikwa ndani ya mzingo wa rimu na hupunguza nafasi hiyo. Pili, kwa kalipa za kuteleza, zile zenye pistoni upande wa ndani pekee, mwili wa kalipa husogea ndani kadiri padi zinavyolika. Anayepima padi zikiwa zimeisha atapata nafasi ya uongo. Siku atakapotia padi mpya, kalipa itarudi nje na kuikuta rimu.

Bolti hupoteza nini

Wengi hudhani kwamba bolti ndizo zinazobeba gari, kama misumari inavyobeba picha ukutani. Sivyo. Nati inapokazwa, huivuta bolti na kuinyoosha kidogo sana, nayo bolti huibana rimu dhidi ya habu. Mbano huo ndio unaozuia rimu kuteleza. Ukipungua, rimu huanza kucheza, nati hulegea, na bolti hupindwa huku na huko hadi zikatike.

Ili mbano huo uwepo, nati sharti ishike sehemu ya kutosha ya hesi za bolti. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba urefu wa hesi zilizoshikwa usipungue kipenyo cha bolti yenyewe. Bolti za Subaru na Nissan nyingi zina kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko wa nati husonga milimita 1.25. Kwa hivyo nati yahitaji karibu mizunguko 10. Bolti za Toyota nyingi zina kipenyo hicho hicho, lakini kila mzunguko husonga milimita 1.5, hapo mizunguko 8 inatosha.

Sasa hesabu. Spesa ya milimita 5 humnyang'anya mwenye Subaru mizunguko 4 kamili, na mwenye Toyota mitatu na zaidi. Msomaji anaweza kujipimia mwenyewe: rimu na spesa zikiwa mahali pake, fungua nati kwa mkono huku ukihesabu mizunguko tangu inapoanza kulegea hadi inapotoka. Ikiwa haifiki idadi iliyotajwa, usiendeshe gari hilo. Dawa ni kufunga bolti ndefu zaidi kwenye habu, kazi ambayo fundi mzuri huifanya bila shida. Lakini nati zilizozibwa mwisho ziangaliwe: bolti ndefu yaweza kufika kwenye kizibo kabla nati haijaibana rimu, na mtu akadhani amekaza kumbe amekazia hewa.

Nati zenyewe pia si sawa. Rimu nyingi za dukani hutaka nati zenye ncha ya pia. Rimu nyingi za aloi za Toyota kutoka kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, nazo za Honda huwa na uso wa mviringo kama mpira. Nati ya aina moja kwenye tundu la aina nyingine hugusa sehemu ndogo tu, na hulegea upesi. Kubandika washa moja moja kwenye kila bolti badala ya spesa, au kupanga spesa mbili pamoja, ni kualika maafa.

Tena kuna ukingo wa habu, ule mduara unaotokeza katikati na kuingia kwenye tundu la rimu ili gurudumu likae katikati barabara. Kwa Impreza nyingi kipenyo chake ni milimita 56.1, na kwa Toyota nyingi ndogo ni 54.1 au 60.1. Spesa isiyo na ukingo wake yenyewe huufunika ukingo wa habu. Gurudumu likikaa kando hata kidogo, usukani hutetemeka. Huenda mtetemo wa kijana wetu ulianzia hapo.

Kwa nafasi kubwa zaidi, kuna spesa nene zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake na kubeba bolti zake zenyewe. Hizi haziipunguzii nati ya gurudumu hesi, lakini nati zake za ndani hazionekani mpaka gurudumu liondolewe, kwa hivyo ni rahisi kusahaulika.

Baada ya kufunga

Nati zikazwe kwa mtindo wa nyota, kwa spana yenye kipimo cha nguvu, wala si kwa kurukia spana kwa mguu. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kiwango ni niutoni mita 103. Kwa mengine, soma kitabu cha gari. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe tena. Zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho, na usikilize iwapo tairi linagusa popote.

Kusukuma gurudumu nje huongeza mzigo kwa beringi na kubadili jinsi usukani unavyohisi. Haki isemwe, rimu yenye ofseti ndogo hufanya vivyo hivyo bila spesa yoyote. Kwa hivyo suala si spesa peke yake, bali ni jumla ya milimita zilizoongezwa. Aidha, mwenye gari aijulishe kampuni yake ya bima kuhusu badiliko hilo kabla ya ajali, wala si baada yake.

Kijana wetu hakuziuza rimu zake. Alirudi gereji, safari hii akiwa na rula na maswali. Alipohesabu, nati zake zilikuwa zikishika mizunguko 6 tu. Alifungiwa bolti ndefu na spesa yenye ukingo wake, na mtetemo ukaisha. Gharama ya kazi hiyo ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na bei ya rimu. Kuuliza si ujinga, na kuhesabu mizunguko ya nati hakumchukui mtu hata dakika tano.