Mita Waliikataa, Betri Wakaipokea: Hesabu ya Motari wa Kigali

Ukisimama jioni pale Biryogo, pembeni mwa barabara ielekeayo Nyamirambo, utasikia nauli ikipatanwa kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa lugha zote mbili ndani ya sentensi moja. Abiria anataja aendako. Dereva anataja bei. Abiria anaguna, anajifanya kuondoka, anaitwa. Na kabla hujageuka kuangalia pengine, helmeti imekwisha kuvaliwa na safari imeanza. Siku hizi, mara nyingi pikipiki hiyo huondoka kimya. Haina injini ya petroli, ina betri.

Katika mandhari hiyo ndogo mna jambo la kustaajabisha. Mapatano ya mdomo, ambayo teknolojia ililetwa ili iyafute, bado yapo. Injini ya petroli, ambayo wengi walidhani haitang'oka upesi, ndiyo inayoanza kutoweka. Watu ni wale wale na jiji ni lile lile: kwa nini waliikataa mita na kuipokea betri?

Jibu jepesi husema kwamba motari hawapendi mambo mapya. Jibu hilo si la kweli, na ushahidi wake umeandikwa kwenye vizibao vyao.

Tuanze na simu. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ya MTN ilianza nchini Rwanda mwaka 2010, lakini kwa miaka mingi abiria wa pikipiki aliendelea kulipa kwa noti na sarafu. Mambo yalibadilika kwa kasi mwezi Machi 2020, wakati wa janga la Korona, Benki Kuu ya Taifa ilipotangaza kuondolewa kwa muda kwa ada za kutuma fedha kwa simu ili watu wapunguze kushikana noti. Motari walijifunza upesi. Leo ukishuka kwenye pikipiki Kimironko au Remera, dereva hukuonyesha namba yake ya malipo, nawe unabonyeza *182*8*1*, namba yake, kiasi, na mambo yamekwisha. Yule dereva aliyekuwa akipoteza dakika tano kutafuta chenji ya noti ya elfu tano sasa hana haja ya kwenda dukani kuomba. Pesa inaingia kwake, anaiona, na ni yake. Hakuna aliyelazimika kumshawishi.

Kwa hiyo, mita ilipokuja, haikukuta watu wanaoiogopa skrini.

Mita iliyopima kila kitu isipokuwa safari ya kurudi

Wazo la mita lilikuwa zuri, na haki ielezwe hivyo. Abiria wengi wa Kigali, hasa wageni na wale wasiojua mitaa, walikuwa wakilalamika kwamba nauli hubadilika kwa kutazamwa sura, kwa lafudhi au kwa mawingu yaliyotanda. Kifaa kidogo chenye mawasiliano ya setilaiti, kilichofungwa mbele ya dereva, kingepima umbali na kutaja bei moja kwa kila mtu. Malipo yangepita kwa njia ya simu, na kampuni ya teknolojia iliyopewa kibali ingechukua sehemu yake kwa huduma hiyo. Mamlaka ya udhibiti wa huduma za umma, RURA, ilitaka utaratibu huo uanze tangu mwaka 2020, ukaahirishwa, kisha ukafanywa kuwa wa lazima mwanzoni mwa Januari 2022, pamoja na faini kwa asiyeutumia.

Nauli iliyopangwa wakati huo ilikuwa faranga 300 kwa kilomita 2 za kwanza, kisha faranga 107 kwa kila kilomita iliyofuata. Tupige hesabu. Safari ya kilomita 8 ingegharimu faranga 300, kujumlisha mara 6 ya 107, yaani faranga 942. Kwa abiria hiyo ni bei safi, haina mjadala. Kwa dereva, hesabu haiishii pale abiria anaposhuka.

Chukua safari ndefu ya kutoka mjini hadi Kabuga, mwisho wa jiji upande wa mashariki. Mita inahesabu kwenda. Kurudi, mara nyingi dereva huja peke yake, na petroli ya kurudi ni petroli ile ile. Katika mapatano ya mdomo, dereva huingiza safari ya kurudi ndani ya bei bila kuitaja. Abiria naye anajua, anaguna, anapunguza kidogo, wanaelewana. Vivyo hivyo kwa mlima mkali, kwa njia ya vumbi, kwa mvua, kwa saa ya usiku ambapo pikipiki ni chache. Mapatano yalikuwa mita ya aina yake: yalipima mambo ambayo kifaa hakikuyajua. Yalikuwa pia na dhuluma zake, na mwandishi huyu amewahi kulipa mara mbili ya nauli ya kawaida kwa sababu tu alikuwa amevaa suti. Hata hivyo, mzani ule haukuwa mtupu.

Kuna jambo la pili, lililo zito zaidi. Motari wengi hawaimiliki pikipiki wanayoiendesha. Jioni kuna hesabu ya tajiri, nayo hailegei kwa sababu siku ilikuwa mbaya. Juu yake kuna petroli, michango ya chama cha ushirika na bima, ambayo wakati huo motari walisema imepanda kupita kiasi. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho chakula cha nyumbani. Sehemu ya nauli inayokatwa na kampuni ya mita, hata ikiwa ndogo namna gani kwenye karatasi, haikatwi kwenye nauli nzima kwa macho ya dereva. Inakatwa kwenye kile kinachobaki. Anayebakiwa na elfu tatu kwa siku akikatwa mia tatu, amepoteza sehemu ya kumi ya maisha yake, si sehemu ya kumi ya biashara yake.

Tarehe 13 Januari 2022, motari katika maeneo kadhaa ya Kigali waliacha kazi na kukusanyika barabarani. Katika jiji ambalo maandamano ni jambo la nadra sana, tukio hilo halikupita bila kutazamwa. Muda mfupi baadaye adhabu kwa wasiotumia mita zilisitishwa, na mamlaka zikaahidi kuyapitia malalamiko. Mwezi Agosti mwaka huo huo, vyama vya ushirika vya motari mjini Kigali vilipunguzwa kutoka 41 hadi 5, ili kupunguza mizigo ya michango. Mita yenyewe ikaacha kuwa sharti, na sauti ya mapatano ikarudi Biryogo.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mabasi yamekubalika? Abiria wa mabasi ya Kigali wamekuwa wakigusisha kadi tangu mwaka 2015, na mwezi Machi 2025 njia za Kabuga zilianza kujaribiwa nauli inayotozwa kwa umbali, ambapo abiria hugusisha kadi akipanda na tena akishuka. Kimsingi, hiyo nayo ni mita. Tofauti ni kwamba dereva wa basi hakuwahi kupatana nauli na abiria wake. Hakuwa na kitu cha kupoteza pale.

Petroli ilipopanda

Mwaka ule ule wa mgogoro wa mita, vita vya Ukraine viliitikisa bei ya mafuta duniani. Nchini Rwanda, bei kikomo ya petroli ilikuwa chini ya faranga 1,300 kwa lita mwanzoni mwa mwaka 2022. Kufikia Agosti ilikuwa faranga 1,609. Rwanda haina bandari ya baharini. Kila lita husafiri njia ndefu ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam au Mombasa, na kila kilomita ya safari hiyo huongeza kitu kwenye bei. Umeme, kwa upande wake, hutoka kwa sehemu kubwa ndani ya nchi: kwenye mito, na pia kwenye gesi ya methani inayovutwa kutoka kina cha Ziwa Kivu.

Pikipiki za umeme zilikuwapo kabla ya hapo. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi Kigali mwaka 2019 ikiwa na kundi dogo la pikipiki, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Paul Kagame alitangaza hadharani kwamba siku zitafika ambapo pikipiki za petroli zitaondolewa. Aprili 2021, Baraza la Mawaziri likapitisha nafuu kadhaa: vyombo vya umeme, betri na vipuri vyake viliondolewa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, na vituo vya kuchaji vikaruhusiwa kulipa umeme kwa bei ya viwanda vikubwa. Lakini nafuu kwa mwagizaji haimgusi motari mpaka ionekane jioni katika mfuko wake. Bei ya petroli ya mwaka 2022 ndiyo iliyoifanya ionekane.

Namna kazi inavyofanyika ni rahisi kueleza. Dereva hununua pikipiki, mara nyingi kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo, lakini betri hainunui. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na hubaki kuwa mali ya kampuni. Chaji inapokaribia kwisha, dereva huingia kituoni, betri iliyochoka hutolewa, nyingine iliyojaa huwekwa, na baada ya dakika chache yuko barabarani tena. Motari wa Kigali hupita kilomita 100 na zaidi kwa siku, kwa hiyo hufanya hivyo zaidi ya mara moja. Hulipa kwa kadiri ya nishati aliyoitumia. Hakuna kubadilisha oili ya injini, hakuna plagi. Na katika jiji la vilima kama hili, mota ya umeme hupanda mlima bila manung'uniko.

Tazama vizuri: betri nayo ni mita. Inajua umetumia kiasi gani, hupatani nayo, na kampuni inachukua chake. Tofauti ni kile inachokipima. Mita ya mwaka 2022 ilipima mapato ya dereva na kuyakata. Betri inapima matumizi yake, ambayo tayari alikuwa akiyalipa kwenye kituo cha mafuta, na kuyapunguza. Mapato yake, yale ya mapatano na abiria, yamebaki kwake na hakuna anayeyachungulia. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yetu, kifaa kimoja kilikutana na mgomo na kingine kikakutana na foleni ya wanunuzi.

Hiari imekwisha kwa wapya

Mambo hayajatulia, hata hivyo. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali sharti iwe ya umeme. Zile za petroli zilizokwisha kusajiliwa zinaendelea na kazi. Lakini kijana anayeingia leo kwenye kazi hii hachagui tena kati ya petroli na betri. Anachagua kati ya kampuni moja ya betri na nyingine.

Na hapo pana jambo la kufikiriwa. Petroli ni moja. Ukikosa kituo hiki utaipata kingine, na bei kikomo yake hutangazwa na RURA, kila mtu akaijua. Betri si hivyo: kwa kawaida, ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Aliyenunua pikipiki amenunua pia uhusiano wa miaka mingi na vituo vya yule aliyemuuzia. Bei ya nishati ikipanda, hawezi kuvuka barabara kwenda kwa mshindani. Kituo kikiwa na foleni saa moja ya asubuhi, ile saa ambayo wafanyakazi wa ofisini wanapungia mikono kila kona, foleni hiyo anailipa kwa abiria aliowakosa.

Basi, kwa wasikilizaji wetu wanaofikiria kuingia kwenye mkataba wa namna hii, au wenye mtoto au mdogo wao anayeufikiria, kuna maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Jumla ya malipo ya mkopo ni kiasi gani mpaka mwisho, si kwa siku tu? Pikipiki ikilala gereji wiki nzima, malipo yanasimama au yanaendelea? Bei ya kubadilisha betri inaweza kupandishwa na nani, na taarifa hutolewa siku ngapi kabla? Mkataba umeandikwa kwa lugha unayoisoma vizuri, na ikiwa sivyo, nani atakusomea? Mwishowe, zunguka mwenyewe uhesabu vituo vilivyoko kwenye njia zako za kila siku. Anayefanya kazi kati ya Nyamirambo na mjini ana hesabu moja. Anayepeleka abiria Kabuga saa nne za usiku, akalazimika kurudi peke yake na chaji iliyobaki kidogo, ana nyingine.